Je, Wajua? Mang'ola Moja, Namba Tatu

Vitunguu vya Mang'ola anavijua hata asiyewahi kukanyaga Karatu, lakini jina lenyewe huitatiza kompyuta. Ndani ya mashine hakuna herufi, kuna namba tu, na katika lugha ya programu ya Python inayozigeuza kuwa maandishi ni amri fupi iitwayo chr. Ipe 77, ikupe M. Ipe 97, ikupe a. Unganisha 77, 97, 110, 103, 39, 111, 108 na 97, umepata Mang'ola. Sasa ondoa 39, uweke 8217. Kwa macho, ritifaa imepinda kidogo, basi. Kwa kompyuta hilo ni jina jingine kabisa, na anayetafuta wakulima wa Mang'ola kwenye orodha atawakosa wote walioandikwa kwa namba ya pili.

Wapo wanaosema huo ni uzembe wa wachapaji. Sikubali, kwa sababu programu nyingi za kuandikia huipinda ritifaa zenyewe. Tena 39 na 8217 zote zimehesabiwa kuwa alama za uandishi, wakati katika ng' ritifaa ni sehemu ya sauti. Ipo 700, yenye umbo lilelile na inayohesabiwa herufi, ila kibodi zetu hazina. Majirani wameumia zaidi. Kiiraqw huandika sauti ya kooni kwa mkwaju (/). Mkwaju ni 47, uleule unaotenganisha folda: ukitaka kuhifadhi faili la sauti kwa jina lenye mkwaju, kompyuta itakataa au italisoma kama anwani. Kidoko (sauti ya kualiza ulimi) cha Wahadzabe wa bonde la Eyasi chenye namba 451 kinafanana na alama ya mshangao, 33. Ukikosea namba, programu inayotenga sentensi italikata neno katikati. Na hata ukipatia, 451 huhifadhiwa kwa baiti mbili, 199 na 131, na programu iliyozoea mpangilio wa zamani wa Ulaya Magharibi itakuonyesha Çƒ.

Kwa nini basi tusiandike vidoko kwa c, q na x? Kwa ujumbe wa simu inatosha. Kamusi inahitaji zaidi, na chr hufika hadi 1,114,111, kwa hiyo nafasi si tatizo. Wala Wairaqw hawana haja ya kuacha mkwaju waliouzoea: programu ihifadhi 661, ambayo ni herufi ya sauti hiyohiyo, kisha imwonyeshe msomaji mkwaju. Kinachokera ni mifumo ya kusajili majina inayopokea A hadi Z tu, ikamlazimisha mtu alikate jina lake. Amri ileile ya chr husafisha orodha za majina, hufufua faili za zamani, huandaa maneno ya kamusi. Na ord, pacha wake, hurudisha namba ya kila herufi, hata ya ile ritifaa ya Mang'ola.