Akisema tokeni zimeisha, mnunulie: Kupatana bei ya zana za mtumba bila kulia baadaye

Grainda yangu ya kwanza niliinunua kwenye steji ya Donholm, saa moja jioni, kutoka kwa jamaa aliyekuja na boda akiwa na haraka zake. Picha alizonitumia zilikuwa safi kabisa. Alitaka Sh4,500, nikamwambia tatu na nusu, akakubali papo hapo. Hapo ndipo ningeshtuka. Mtu mwenye kitu kizima hakubali kushushwa thao nzima bila hata kulalamika kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimeshajiona mjanja, nimeshaandikia mbogi yetu kwamba nimeokota bei ya kutupa.

Nilipofika nyumbani nikaichomeka. Ikanguruma mara moja, ikatoa moshi, ikazima. Kupiga simu, jamaa amekuwa mteja.

Fundi mmoja wa mota kule Kariobangi Light Industries aliifungua akanionyesha ameicha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ikiwa nyeusi kama kaa. "Hii ilikufa kitambo," akasema. "Imepigwa polishi tu." Hiyo Sh3,500 ilitoka kwenye Sh18,000 nilizopata nilipouza laptop baada ya kuacha chuo. Ndiyo pesa pekee mimi na binamu yangu tulikuwa nayo ya kuanzisha kazi ya kutengeneza milango ya chuma na grili za madirisha. Kwa hivyo niamini nikikwambia nimesoma haya mambo kwa karo yangu mwenyewe.

Unaweza kuuliza, si ungeenda tu dukani? Ungeenda kama una doo. Mashine mpya za majina makubwa kama Bosch na Makita ziko bei ya juu, na kijana anayeanza hana mahali pa kuanzia. Wauzaji wa zana zilizotumika, wale wa Gikomba na barabara ya Kirinyaga, wanajua bei ya kila kitu hadi skrubu, na wameshapiga hesabu ya faida kabla hujafungua mdomo. Mtu binafsi ni hadithi nyingine. Huyu anahama nyumba. Yule alinunua drili ya kutundika runinga moja na hajaigusa tena. Mwingine mjengo wake umeisha, au ni fundi aliyepata kazi Qatar na ndege ni wiki ijayo. Kila mmoja ana sababu yake, na bei yake iko ndani ya hiyo sababu.

Kwa hivyo swali langu la kwanza siku hizi si bei. Ni "mbona unaiuza?" Halafu nanyamaza. Mwenye sababu ya kweli ataongea hadi ukose pa kuingilia. Asiye nayo atasema "nataka tu kuiuza" na kukurudisha kwenye bei. Na tafadhali, acha ile tabia ya kumwandikia mtu "bei ya mwisho?" kabla hata hujasema habari. Anajua hujaiona mashine. Atakutajia bei yoyote, na ukifika pale umeshajifungia hapo, maana hiyo bei umeiomba wewe mwenyewe kwa mdomo wako.

Kazi yenyewe ni kukagua, na kukagua kunahitaji umeme. Hapa ndipo utakutana na wimbo unaoimbwa Nairobi nzima: "Buda, tokeni zimeisha, lakini iko sawa." Niliimbiwa huo wimbo Pipeline, ghorofa ya tano, nimepanda ngazi hadi magoti yanatetemeka. Nilichofanya ni kumwomba namba ya mita, nikamnunulia tokeni za Sh100 kwa simu. Uso wake ulibadilika. Stima ziliporudi, drili aliyotaka Sh6,000 ilizunguka, ndiyo, lakini chaki yake ilikuwa inacheza kama jino bovu. Nilimshukuru, nikashuka ngazi zangu. Mia moja hiyo ndiyo pesa tamu zaidi nimewahi kupoteza.

Kama mnakutana nje, chagua mahali penye soketi. Kibanda cha kujaza upepo kwenye kituo cha mafuta kinafaa, na watu wapo. Usikubali giza wala haraka.

Sasa, unaangalia nini? Kwa grainda na drili, iwashe chumbani au kivulini halafu chungulia kwenye matundu ya kupitishia hewa. Cheche chache za buluu pale brashi za kaboni zinapogusa mota ni kawaida. Ukiona duara zima la moto linazunguka, huenda ni ameicha inakufa, na hiyo ndiyo gharama kubwa. Brashi zenyewe zikiisha ni jambo dogo, zinabadilishwa kwa pesa kidogo sana, na wauzaji wengi hawajui hivyo. Nimeshaangushiwa bei nzuri kwa mashine ambayo mwenyewe aliamini imekufa, kumbe ni brashi tu. Nusa pia. Harufu ya kuungua haifichiki. Kisha izime, shika pale diski inapofungwa, ujaribu kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimekwenda. Kwa drili, funga biti iliyonyooka, iwashe polepole, uangalie ncha yake kama inachora duara.

Angalia pia kama kinga ya diski ipo. Mafundi wetu wengi huitoa na kuitupa, na hiyo ni sababu halali ya kushusha bei, mbali na kwamba ndiyo inayolinda uso wako. Tena usidanganywe na mtu anayefunga diski ya inchi 9 kwenye grainda ya inchi 4 na nusu. Mashine ndogo huzunguka kasi karibu mara mbili ya kasi inayoruhusiwa kwa diski kubwa, na diski ikipasuka haichagui inakoenda.

Mashine ya kuchomelea vyuma haikaguliwi kwa macho. Mimi hubeba rodi mbili za geji 12 na kipande cha chuma kwenye begi. Nachoma pale pale. Ikishika moto vizuri naiacha iwe kazini dakika kadhaa nisikilize feni na nione kama itajizima. Muuzaji akikataa usichome, basi mmemalizana.

Zile za betri zina mtego wake. Betri ndiyo ghali, wakati mwingine inakaribia bei ya mashine yenyewe ikiwa mtupu. Mtu akikuuzia drili ya betri bila chaja, jiulize chaja iko wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba iko kwa mwenyewe.

Na kuna hii ya plagi ya njano. Kuna mashine nzuri kabisa zinazotoka Uingereza, zina plagi kubwa ya njano yenye pini za mviringo. Hizo ni za volti 110, za maeneo ya ujenzi ya huko. Umeme wetu ni 240. Ukikata plagi ukaweka ya kwetu, utaona moshi kabla ya kuona kazi. Za Marekani nazo ni volti 120. Soma kibandiko. Kama bei ni nzuri sana na uko tayari kununua transfoma, sawa, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei yake, si mfukoni mwako.

Baada ya kukagua ndipo mnapatana. Sina uchawi hapa. Nataja kasoro nilizoziona, moja moja, na gharama ya kila moja, kwa upole. "Boss, waya umekatika hapa na umefungwa na selotepu, kinga haipo, brashi zimeisha." Simwambii mashine yake ni takataka. Mtu akitukanwa kitu chake hukaza bei kwa hasira tu. Kisha natoa bei yenye hesabu ndani yake, halafu nanyamaza tena. Kunyamaza ndiyo ngumu kuliko yote, sisi vijana tunaogopa kimya, tunaanza kujipandishia bei wenyewe. Na nikifika bei ambayo nyumbani niliapa sitaivuka, naondoka. Mara mbili nimeitwa nikiwa nimeshafika getini. Mara nyingi sijaitwa, nimerudi na nauli imeenda bure.

Kulipa ni baada ya kushika. "Tuma kitu kidogo nikushikilie, kuna mtu mwingine anakuja" ni njia ya kukuingiza boksi, na huyo mtu mwingine hajawahi kuja tangu M-Pesa ianze 2007. Kabla ya kubonyeza neno la mwisho, simu hukuonyesha jina la unayemtumia. Jina hilo lifanane na la mtu aliye mbele yako.

Ndiyo, uliza kitambulisho. Najua inaonekana kama ushamba, lakini sheria yetu haichezi. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni za Adhabu, kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Bei ikiwa ya ajabu, namba ya mashine imekwaruzwa, jina la kampuni ya ujenzi limepakwa rangi juu, na muuzaji hajui hata chaki inafunguliwa vipi, hutaweza kumwambia hakimu kwamba hukushuku. Na hata ukiponea jela, mwenyewe akijitokeza kitu chake kinarudi kwake. Mimi huandika nusu ukurasa: jina, namba ya kitambulisho, namba ya mashine, bei, tarehe, sahihi mbili. Mtu safi hakatai. Pia kumbuka mtu binafsi si duka. Hana waranti, na ukishabeba ukafika kwako ikaharibika, ni shida yako.

Kuna jambo moja bado sijalimaliza kichwani. Wanunuzi wazoefu watakwambia nunua kati ya tarehe moja na tano, kodi ya nyumba inapodaiwa, au Januari, watoto wakirudi shule. Ni kweli bei huanguka. Lakini unaanguka na nani?

Mwaka jana shemeji yangu alituonyesha tangazo kwenye grupu ya mtaa wao, Umoja. Mama mmoja alikuwa anauza vifaa vya marehemu mumewe, fundi wa vyuma. Mashine ya kuchomelea, grainda kubwa ya inchi 9, drili, na vaisi nzito ya chuma, ya zamani, ile haivunjiki. Vyote Sh15,000. Asubuhi hiyo mtu alikuwa amekuja kumwambia vimezeeka, atampa nane.

Sisi tulikuwa na Sh12,000 na tulijua atakubali. Binamu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilikagua kama kawaida. Klampu ya mashine ilikuwa imeungua, chaki ya drili inacheza. Vaisi haikuwa na kasoro yoyote.

"Mama," nikamwambia, "hii vaisi usiiuze na vingine. Peke yake si chini ya elfu sita. Mimi siwezani nayo leo. Nitakupa elfu tisa na nusu kwa mashine na grainda."

Akaniangalia kwa muda. "Kijana wangu, mzee alikuwa akisema hiyo mashine haijawahi kufunguliwa na fundi. Ongeza mia tano."

Nikaongeza. Tukaandika karatasi yetu, akatia sahihi polepole. Binamu hakuniongelesha hadi tukafika Outering Road, na alipofungua mdomo ilikuwa kuniambia tumeacha pesa mezani, kwamba vyote vinne vingekuwa vyetu kwa kumi na mbili, na kwamba huruma hailipi kodi ya kibanda. Hesabu yake ni sahihi. Hata leo tukikosa kazi wiki mbili huirudia, na sina jibu zuri la kumpa.

Baada ya wiki tatu yule mama alipiga simu. Vaisi ilienda Sh6,500 kwa jirani. Sasa geti lake limeng'oka bawaba, je, tunaweza kuja? Tulienda na mashine ile ile. Alisimama mlangoni muda wote tukichoma, akasema ile feni bado inalia vilevile.

Tukamwambia kazi ni Sh1,200. Akauliza bei ya mwisho.