Mchele mweusi: Mbolea ikizidi, rangi hupungua

WAGONJWA wa kisukari na wa shinikizo la damu huniuliza mara kwa mara kama mchele mweusi ni dawa. Mchele huu, pamoja na ndugu yake mwekundu, umeliwa kwa karne nyingi huko Uchina, Thailand na kaskazini-mashariki mwa India. Siku hizi hupatikana pia katika baadhi ya maduka ya mijini hapa kwetu, na bei yake si ya mchezo. Ni vyema basi mnunuzi ajue analipia nini.

Rangi imo wapi?

Ukivunja punje ya mchele mweusi utaona kwamba ndani ni nyeupe, kama pishori yetu ya Mwea. Rangi imo katika ngozi nyembamba ya nje, ile ambayo mashine ya kukoboa huigeuza kuwa pumba. Hutokana hasa na kemikali ziitwazo antosianini, ambazo pia huyapa matunda ya zambarau rangi yake. Katika maabara, kemikali hizi huzuia uharibifu wa seli. Hata hivyo, mwili wa binadamu hufyonza sehemu ndogo tu ya antosianini.

Kazi ya mbolea

Mpunga hutengeneza rangi hiyo kwa kutumia sukari iliyotoka kwenye majani. Mkulima akitia mbolea ya nitrojeni kama yurea, ambayo gunia lake la kilo 50 lina kilo 23 za nitrojeni, mmea hutumia sukari hiyo kujenga protini, majani na mashina mapya. Mavuno hupanda. Lakini mbolea ikipita kiasi, sukari ya kutengenezea rangi hupungua, na mara nyingi punje huwa na antosianini haba. Si aina zote zilizo sawa: kuna zinazostahimili, na hata zinazoongeza rangi zikipewa mbolea ya wastani.

Je, tuilaumu mbolea? La. Shamba lisilopata mbolea huzaa kidogo, na njaa ni mbaya kuliko upungufu wa rangi. Kinachotakiwa ni kipimo, kama ilivyo kwa dawa.

Kinuni na jikoni

Mnunuzi hawezi kujua shamba lilitiwa mbolea kiasi gani, kwa kuwa mfuko hausemi. Lakini hasara kubwa zaidi hutokea baada ya mavuno, na hiyo anaweza kuizuia. Mchele ukikobolewa hadi ukawa mweupe, karibu rangi yote huenda na pumba, pamoja na vitamini. Mnamo 1897, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alieleza jinsi kuku huko Java walivyougua ugonjwa kama beriberi kwa kulishwa mchele uliokobolewa, wakapona walipopewa wenye ngozi yake. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Jikoni nako, moto huharibu sehemu ya antosianini, na nyingine huyeyuka katika maji.

Ushauri wangu

Nunua punje nzima zenye rangi iliyoenea; michirizi meupe ni dalili kwamba zimekobolewa. Osha haraka. Ukiloweka, pikia maji yale yale, na yaache yakaukie sufuriani badala ya kuyamwaga.

Zaidi ya yote, kumbuka kwamba mchele mweusi bado ni mchele. Karibu robo tatu ya uzito wake ni wanga, na wanga hugeuka sukari mwilini. Ngozi yake hupunguza kasi ya sukari hiyo kuingia katika damu, lakini haiizuii. Mgonjwa wa kisukari anayejaza sahani kwa sababu wali ni mweusi anajidanganya. Na anayeacha vidonge vyake kwa ajili hiyo anahatarisha macho, figo na miguu yake. Pakua kidogo, ongeza sukuma wiki na maharagwe, na umeze dawa kama ulivyoagizwa na daktari wako.