Baba, mbegu yako inahitaji miezi mitatu

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama wa nyumba, ndoa ikikaa bila mtoto watu wa kambi wananyoosha kidole kwa bibi. Ndugu za bwana wanasema: «Huyu hazai, umrudishe kwao.» Mbele ya kusema neno kama hilo, jifunzeni kwanza namna mbegu ya baba inavyofanyika. Katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, shida iko pia kwa mwanaume.

MBEGU INATENGENEZWA WAPI?

Inatengenezwa ndani ya mapumbu. Yanakaa inje ya tumbo kwa sababu kazi yao inataka baridi kidogo. Mwili una joto la digri 37; mapumbu yanataka digri 2 ao 3 chini ya hapo. Mbegu inatumia siku karibu 74 mpaka kupata kichwa na mkia. Lakini hapo haijui bado kuogelea.

SAFARI YAKE

Nyuma ya kila pumbu kuna mrija mwembamba kama uzi, uliokunjwa-kunjwa. Ukinyooshwa, urefu wake ni karibu metri 6. Mbegu inapita humo polepole, mara nyingi juma moja ao mawili, na humo inapata nguvu ya kuogelea na ya kuingia katika yai la mama. Kiisha inangojea mwisho wa mrija.

Bwana na bibi wanapokutana, mbegu zinasukumwa katika mrija mwingine unaopanda tumboni na kuzunguka kibofu cha mikojo. Huko zinachanganyika na maji ya tezi. Karibu yote unayoona ni maji hayo. Mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana, tena hazionekani kwa macho. Kwa hiyo mwanaume mwenye nguvu zote za ndoa anaweza kukosa mbegu hata moja.

PIGA HESABU

Siku 74, ongeza juma moja ao mawili: ni karibu miezi 3. Ni sawa na shaba: ile inayopakiwa leo katika treni haikutoka mugodini leo. Ukishikwa na homa kali, mbegu zinaweza kupunguka majuma mengi nyuma, hata kama umekwisha kupona. Lakini jambo hili linaleta pia matumaini: sababu ikiondoka, mara nyingi mbegu nzuri zinarudi kisha miezi 3 hivi.

MAADUI WA MBEGU

Joto la furu, siku kwa siku. Madini ya risasi, zaidi kwa wale wanaoyeyusha batri za motokari nyumbani. Tumbako na pombe nyingi. Na kisonono kisichotunzwa vizuri: kinaweza kuziba mirija, na mbegu zinakosa njia.

FANYENI HIVI

1. Wewe wa furu, usivue nguo za kazi mbele ya moto, zinakulinda. Lakini saa ya kupumzika, ondoka penye joto, kunywa maji. Nyumbani vaa suruali isiyobana.

2. Nawa mikono mbele ya kula, na usirudi nyumbani na vumbi la kazi katika nguo.

3. Ukiona usaha ao maumivu wakati wa kukojoa, njoo dispansere siku ile ile, pamoja na bibi. Usinunue vidonge sokoni.

4. Mwaka mzima ukipita bila mimba, njoni wawili pamoja. Mama akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Baba atapimwa mbegu. Mbele ya siku hiyo asikutane na bibi kwa siku 2 mpaka 7. Matokeo yakiwa mabaya, tunapima tena, maana kipimo kimoja hakitoshi.

Baba, kupimwa si haya. Haya ni kumfukuza mama wa watu kwa kosa ambalo si lake.