Samaki wa Nchi za Joto Katika Baridi ya Kericho

Samaki akitajwa, fikira za watu wengi hukimbilia sufuriani. Hapa kwetu, katika nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet, mtu anayefuga samaki asiyekusudia kumla huonekana ana kichaa kidogo. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, alipoliona tangi la kioo sebuleni aliniuliza, "Sasa Mwalimu, hawa watanenepa lini tuwakaange?" Nikamjibu, "Hawa, mzee, ni wa kutazamwa." Akacheka sana, lakini alikaa akiwatazama mpaka chai yake ikapoa.

Burudani hii ina masharti yake, hasa kwetu sisi wa milimani. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hupenya mifupani. Samaki wa nchi za joto, kama gapi wa Amerika ya Kusini, hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 26. Maji yakipoa kama nyumba zetu zinavyopoa alfajiri, huacha kula, huugua, na mwishowe hufa. Kwa hiyo cha kununua kwanza si samaki, bali ni hita ya umeme ya kuzamishwa majini, na kipimajoto.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Hilo huchukua lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake, kabla ya kioo, mchanga na mawe. Meza ya kuandikia barua haitoshi. Nililiweka juu ya kabati la mbao ngumu, mbali na dirisha, kwa sababu jua likipiga sana, mwani huota na maji yakawa kijani kama mchicha.

Sasa, ndugu msomaji, tangi limejaa. Mwenye pupa atatumbukiza samaki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo maafa huanzia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu kali. Polepole, katika mchanga na chujio, huzaliana bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Kazi hiyo huchukua majuma manne hadi sita. Kila siku nilitia chembe za chakula katika tangi lisilo na samaki, huku watoto wakinisuta: "Baba, samaki wako ni wa hewa?"

Nilianza na gapi wanne tu. Kila juma hubadilisha sehemu moja ya tano ya maji. Ya mfereji huyalaza ndooni usiku kucha ili klorini ipungue. Na kwa kuwa ya mvua hayana chumvichumvi wanazozipenda gapi, nimeweka makombe ya pwani ndani ya tangi. Radi ikipiga na umeme ukikatika, hulifunika tangi kwa blanketi, nikachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili yapate hewa.

Gapi huzaa watoto hai, karibu kila mwezi, na tangi hujaa upesi. Hapo hushawishika mtu kuwamwaga mtoni. Asithubutu! Maji ya Itare na Kipsonoi huingia mto Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria. Ziwa hilo limekwisha kuonja uchungu wa samaki wa kigeni. Sangara aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Alipozidi kuongezeka katika miaka ya 1980, aina nyingi sana za furu, samaki wadogo wasiopatikana penginepo duniani, zilitoweka. Baadhi ya jamii zao zimehifadhiwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, maelfu ya maili kutoka kwao.

Basi wanaozidi, wape shule au rafiki mwenye tangi. Na kabla ya kutumia hata shilingi moja, nenda katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ukawatazame samaki wa ziwa letu wenyewe. Tangi la kioo si pambo la ukuta. Ni ziwa dogo, na usalama wake wote u mikononi mwa mwenye nyumba.