Muziki wa Kigeni Uliingia Japani kwa Mlango wa Shule

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, ikiwa mwacha mila ni mtumwa, Wajapani walioupenda mno muziki wa Kizungu tuwaiteje?" Swali hilo halikustahili jibu la haraka. Naomba nilijibu hapa.

Kwanza, muziki huo haukujipenyeza wenyewe katika shule za Japani, ulikaribishwa. Mnamo mwaka wa 1879 serikali iliunda idara ya kuchunguza muziki, ikamkabidhi Isawa Shuji, mwalimu aliyesomea Marekani. Mwaka uliofuata akaja Mmarekani Luther Whiting Mason, wakatayarisha pamoja vitabu vya nyimbo za watoto wa shule. Humo lahani za Ulaya zilivishwa maneno ya Kijapani. Lahani ya Kiskoti ambayo Waingereza huuagia mwaka, wao waliifanya wimbo wa wanafunzi wanaosoma kwa mwangaza wa vimulimuli. Wimbo huo ukawa wa kuwaaga wahitimu, hata Wajapani wengi wakauona ni wao.

Pili, tarehe 1 Juni 1918, wafungwa wa vita wa Kijerumani katika kambi ya Bando waliicheza Simfoni ya Tisa ya Beethoven. Leo, kila Desemba, kwaya za raia wa kawaida huiimba kote nchini. Mtu anayekichukua cha mwenzake, akakipa kazi mpya nyumbani kwake, simwiti mtumwa.

Hata hivyo, mwanafunzi wangu hakukosea kabisa. Wakati kinanda kilipotukuzwa darasani, ala za jadi kama koto na shamisen zilisukumwa pembeni. Kwa miongo mingi mtoto aliweza kuhitimu bila kuzigusa. Ni mwaka wa 2002 ndipo mtaala mpya ulipowataka wanafunzi wa shule za sekondari za chini wajifunze angalau ala moja ya asili. Zaidi ya karne moja ilikuwa imepita tangu enzi za Isawa!

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kumkaribisha mgeni, bali kumwondoa mwenyeji kitini. Walimu wenzangu, lisilofundishwa shuleni mtoto hulidhania halina thamani. Tunapochagua nyimbo za kufundisha, basi, tujiulize pia ni zipi tunazoziacha nje ya mlango.