Je, Wajua? Trauti hutazama maji yanakotoka

Je, wajua kwamba samaki aitwaye trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akisubiri mkondo umletee wadudu? Ndiyo maana mvuvi stadi humjia kwa nyuma, kutoka upande wa chini wa mto, kwa hatua za polepole.

Anayeanza hujifunza kwanza kurusha uzi nchi kavu, penye nyasi. Chambo ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano yafanane na mdudu. Karibu hakina uzito, hivyo uzi mzito ndio unaokibeba. Aliyebobea hukiacha kielee kwa mwendo uleule wa maji, kwani kikiburutwa na uzi, trauti hukikataa.

Samaki huyu hutaka maji baridi yenye oksijeni nyingi. Mwaka 1905, mlowezi Mwingereza Ewart Grogan alipandikiza trauti wa Uskoti katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya.

Mbali na mito ya trauti, wakazi wa Shituru, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wana Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Huko huvuliwa tilapia, na kanuni ni ileile: jua kwanza samaki anakula nini na wapi, ndipo utupe ndoano au wavu.