Kipimo chaandika 0: je, umeme haupo?

Tuseme fundi anashuka kutengeneza mota ya pompi ya maji. Anakata umeme, anachukua multimetri yake, anagusisha ncha mbili kwenye waya: kioo kinaandika 0. Anaingiza mkono. Kumbe amekata swichi ya mota ya jirani, na kifungo cha kuzungusha kilibaki penye alama ya umeme wa batri tangu asubuhi, alipopima batri ya kamioni. Kosa la kifungo kimoja, na mke wake amekuwa mjane.

Kwa nini kipimo kiandike 0 mahali penye umeme? Umeme wa batri unakwenda njia moja tu. Ule wa nyumba na mashini zetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme wa volti 220 unapanda mpaka karibu volti 311 upande mmoja, kisha unashuka vilevile upande wa pili. Multimetri ya tarakimu inakusanya yote hayo kwa kitambo kidogo, halafu inatoa wastani. Penye alama ya batri, kwenda na kurudi vinafutana, kama mtu aliyepiga hatua kumi mbele na kumi nyuma: yuko palepale. Chombo hakikuharibika, ndivyo kilivyotengenezwa.

Penye alama ya wimbi (~), chombo kwanza kinageuza nusu ya kurudi ielekee upande wa kwenda. Wastani unakuwa karibu volti 198. Kinazidisha kwa 1,11 na wewe unasoma 220. Lakini hesabu hiyo ni ya wimbi laini. Kwenye mashini za kubadilisha mwendo wa mota, wimbi limekatwakatwa, na chombo cha bei ndogo kinaweza kusoma chini ya ukweli huku waya unachemka. Huko tumia kilichoandikwa TRUE RMS.

Basi kata umeme, funga kwa kadena yako, ufunguo mfukoni. Tazama kifungo. Pima kwanza mahali unapojua umeme upo. Pima mahali pa kazi, waya kwa waya, na kila waya kwa ardhi. Kisha rudi upime pale pa kwanza, kwani ncha inaweza kukatika ndani katikati ya kazi. Mkubwa akikuharakisha, mwonyeshe kadena.